Sauti Mbili kwenye Nguzo Moja

Jumatatu, 12 Mei 2014

Alhamisi ni siku ya kuzaliwa ya Žofka, mjane wa dukani. Ni siku ya jina lake pia, maana kwetu kila siku ya kalenda ina jina la mtu: wazazi wake walifungua kalenda, wakamaliza kazi. Anatimiza sitini. Najua kwa sababu mimi ndiye mkutubi wa kijiji na kadi yake ninayo. Mwenyewe nina hamsini na nane na magoti mazima. Nimempenda tangu aliponiongezea soseji bila kuipima. Alhamisi lazima ajue.

Mpango: kumpongeza kupitia vipaza sauti vya kijiji, kwa hotuba na wimbo, kila nguzo, kila uchochoro.

Nimemwomba Bi Hermína, karani wa ofisi ya kijiji iliyo jengo moja na maktaba, anayesoma matangazo tangu enzi za chama cha Kikomunisti. Amesema nyimbo ni za waliofikisha sabini. Eti tukimpigia kila mtu, marehemu tutawatangaza saa ngapi? Kisha akaniambia nifunge dirisha la maktaba, nawapigisha watu baridi. Mwanamke huyu ananichukia.

Sawa. Nitafanya mwenyewe. Tatizo ni kompyuta. Ofisi inayo moja tu, ya Linux, na kila mmoja wetu ana akaunti yake. Akaunti ya Hermína imeshika sauti na haiachii, hata mwenyewe akiondoka kwenye kiti. Mimi nikiingia kwenye yangu, bubu! Halafu kuna swichi ya amplifaya ukutani, maandishi yake yamefutika. Ukiishusha inawaka. Au ukiipandisha. Anayejua ni Hermína.

Jumanne, 13 Mei

Nimeweza! Sauti si ya mtu mmoja tena, ni ya mashine nzima. Kila akaunti inaimwaga humohumo. Waliotengeneza programu wameandika kwa herufi nene kwamba hawashauri mtu kufanya hivi. Bila shaka walikuwa wanawaambia wasiojua.

Nimejaribu kwa polka, muziki wetu wa dansi wa tarumbeta na ngoma, amplifaya ikiwa imezimwa. Safi kabisa. Nimerudi kwenye ukurasa wa kuingilia, nikaenda kula supu ya kabichi.

Polka sikuizima. Zamani ingekaa kimya huko ndani ya akaunti yangu.

Hermína akakaa, akafungua akaunti yake, akawasha amplifaya, akasoma tangazo la msiba wa mzee Matej. Alisoma vizuri, kwa uchungu, na tarumbeta nyuma yake. Kwenye maneno "amelala usingizi wa amani" ngoma zikaingia.

Mwenyekiti wa kijiji amemfokea mbele ya ofisi nzima. Amemuuliza kama amelewa. Hermína amelia. Nilikuwa mlangoni na kijiko bado mkononi. Nilitaka kusema kitu. Nikakumbuka dirisha.

Jumatano, 14 Mei

Baridi kali. Miche yote ya nyanya imekufa.

Mwenyekiti ameniita nichunguze kompyuta, maana mimi naijua. Nimechunguza. Nimemwambia ni unyevu.

Hermína haamini tena kusoma moja kwa moja. Amejifungia, amerekodi tangazo la kesho, amelisikiliza hadi mwisho, kisha ameiagiza mashine ilicheze yenyewe mchana, maana kesho yeye anakwenda mjini kwa daktari wa meno. Ni tangazo la Alojz, yule mgane anayekuja na gari lake la kuku kila masika. Anauza mitetea mbele ya duka. Kuku tu. Halinihusu.

Kinachonihusu: Hermína hatakuwepo! Akaunti yake itabaki wazi, lakini akaunti bila mwenyewe ni jina tu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimevaa tai. Amplifaya nimeikuta imeshawashwa, Hermína amebandika karatasi: USIGUSE. Sikugusa. Nimefunga madirisha, nimeingia kwenye akaunti yangu, nimeshika kipaza sauti.

Nimezungumza vizuri mno. Kila baada ya maneno machache nilitua ili yawaingie watu. Wakati wa kutua nilisikia mvumo nje. Nikadhani ni mlima unanirudishia sauti.

Mwenyekiti amekuja baadaye, anafuta machozi. Akaniambia, "Vendelín, ndugu yangu, kaa chini nikueleze tulichosikia."

Tangazo la Hermína lilianza pamoja na langu. Kila nilipotua, alikuwapo yeye. Mimi nilisema, "Wanakijiji wapendwa, leo namsifu mwanamke mmoja tu." Hermína akasema, "Wa kahawia, wamechanjwa wote." Mimi: "Mnamwona kila asubuhi dukani." Hermína: "Njooni na kasha lenye matundu." Mimi: "Žofka wetu leo anatimiza..." Hapo nilitua kwa muda mrefu, kwa heshima. Hermína: "Wiki kumi na nane!" Akairudia, kama anavyorudia kila jambo muhimu, na sitini yangu ikafunikwa kabisa. Nikamalizia kwamba moyo wangu una tumaini. Hermína akasema wataanza kutaga mwezi ujao.

Mwenyekiti amesema nirudishe sauti kama ilivyokuwa. Nimesema ndiyo. Hakusema lini.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekwenda dukani na maua. Žofka ameniangalia kama mtu anayeangalia maziwa yaliyokaa.

Akauliza, "Hivi wewe, ulitaka kuitangazia dunia kwamba nina sitini?"

Nikasema ilikuwa kwa mapenzi.

"Mapenzi gani ya kumwaga umri wa mtu? Mimi niliolewa hapa nikitoka ng'ambo ya mlima. Huku wanajua nina hamsini na tatu. Mungu ambariki Hermína na kuku wake!"

Amemwokea Hermína keki ya jibini. Nzima! Mimi sikupewa hata makombo.

Halafu nikamwona Alojz. Yuko nyuma ya kaunta, ameketi. Kuku wake wote waliisha jana, watu walipanga foleni mpaka kanisani wakicheka na kumpongeza Žofka kwa wiki zake kumi na nane. Kwa shukrani amempa Žofka mitetea wawili aliowaweka kando. Na alikuwa anakunywa kahawa kwenye kikombe cha marehemu mumewe. Cha marehemu! Mimi miaka yote napewa cha karatasi.

Imeniuma. Nimenunua soseji. Ameipima.

Jumapili, 18 Mei

Žofka amemkaribisha Alojz chakula cha mchana. Sikati tamaa. Kosa langu la Alhamisi nimeliona: kutua. Leo nitakwenda mwenyewe, niseme kila kitu bila kutua.

Nimekuja ofisini kufanya mazoezi. Ofisi tupu. Swichi ya amplifaya nimeipandisha, ili izime. Nimeshika kipaza sauti na kuvaa visikizi nijisikie vizuri, madirisha yote yamefungwa.

Nimesema yote. Kwamba sauti ya kijiji niliiunganisha mimi. Kwamba polka ya msibani ilikuwa yangu, na Hermína amesemwa bure, na mimi nikanyamaza kwa sababu ilinifaa. Kwamba Alojz ananuka kuku hata akioga. Kwamba mwanamke wa sitini akipaka poda kidogo hafiki hata hamsini na tano, na mwenyekiti mwenyewe anapaka nywele rangi, tena vibaya. Nilipofika kwenye magoti yangu, sauti ilitetemeka. Nilisikika vizuri sana.

Sasa navua visikizi. Watu wametoka kanisani, wamesimama chini ya nguzo wakitazama juu. Mwenyekiti anajishika nywele. Alojz ametoka kwa Žofka na leso ya mezani bado shingoni, ananusa mkono wa koti lake. Žofka amefunga pazia. Lazima kuna msiba mwingine.

Hermína anavuka barabara kuja huku. Anatabasamu. Tangu nimjue, hajawahi kunitabasamia. Ana meno mazuri, kumbe.

Nimefungua kalenda, natafuta siku ya jina lake.