Boti Iliyomeza Vyumba Viwili

Ilikuwa mwaka 2024, majira ya kuchipua, siku ya Ijumaa mjini Sneek, Uholanzi, na Gerlof alikuwa na muda hadi saa sita mchana. Saa hiyo ikigonga, nyumba ya matofali iliyo nyuma ya kanisa, ambayo mkewe Aukje alikwisha kuipangia vitanda vya pacha walio bado tumboni, ingekwenda kwa mnunuzi mwingine. Nyumba ilikuwa ikiuzwa euro laki tatu. Benki ilikubali kumkopesha laki mbili na sabini elfu. Basi fundi huyo wa mapaa, ambaye wenzake walimwita Kasia kwa jinsi alivyopenda maji, aliupeleka msiba wake kijiweni: kibanda cha samaki cha Bi Ytsje.

Hylke, mzee aliyeuza ng'ombe miaka arobaini na ambaye hadi leo huitwa Dalali, alikuwa amelikunjua gazeti.

"Sikilizeni, jamani! Mwaka huu anayenunua nyumba isiyovujisha joto anaruhusiwa kukopa zaidi. Kasia, umeokoka!"

"Nyumba yenyewe ya mwaka 1931, Mzee. Upepo unaingia bila hodi."

"Basi ongeza mshahara."

"Mshahara ni chumvi, niuongeze nikitaka?"

"Oa mke mwingine, mwenye mshahara mnono!"

Bi Ytsje alikipigiza kisu juu ya ubao. "Dalali, fyata mdomo! Mwenzio ana pacha njiani, wewe wamtafutia mke? Hebu mwanangu, nipe hiyo barua ya benki."

Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari.

"Na huu mkopo wa elfu nane ni wa nini?"

"Aa, hiyo ni boti tu, Bi Ytsje. Zimebaki elfu tatu."

"Ndiyo imekumaliza! Benki haitazami kilichobaki. Inatazama ulichokopa siku ya kwanza. Usipoufunga mkopo, kwao wewe ni mdaiwa wa elfu nane nzima. Kwa ajili hiyo wamekupunguzia elfu thelathini za nyumba."

Dalali alicheka hata akapaliwa na samaki. "Boti imemeza vyumba viwili, na bado inapiga miayo!"

"Yaani nikilipa elfu tatu, nakopeshwa elfu thelathini zaidi? Hiyo ni hesabu ya wapi?"

"Ya benki. Mpigie mshauri wako umuulize."

Gerlof alipiga simu. Mshauri alithibitisha: alete ushahidi wa malipo kabla ya saa sita, naye atampandishia kiwango cha mkopo.

"Akiba yangu yote imekwenda kwenye ushuru na mwanasheria," alisema Gerlof.

"Uza boti," alisema Bi Ytsje.

"Boti siuzi! Nimeikwangua na kuipaka rangi kwa mikono yangu, misimu mitatu ya baridi mfululizo."

"Na pacha utawalaza wapi? Ndani ya tanga?"

Gerlof alitazama saa ya mnara. Ilikuwa saa tano na robo. Akilini alimwona Aukje akipanda ngazi hadi makazi yao ya sasa, ghorofa ya nne, mtoto huku, mtoto kule. "Nani atainunua saa hizi?"

Dalali alikohoa, akanyoosha kiganja, kama walivyofanya wauza ng'ombe mnadani, ambako kila bei hupigiwa kiganja. "Elfu mbili."

"Wewe! Si ulisema kila mwenye boti ni mwehu?"

"Nilisema mwenye boti. Mnunuzi sikumtaja."

Gerlof alikipiga kiganja: pa! "Elfu nne!"

Pa! "Mbili na nusu. Pembe zake zimechakaa."

"Boti haina pembe, Mzee!" Pa! "Tatu na nusu!"

"Tatu," alisema Dalali, "nawe utanipeleka ziwani kila Jumapili, maana hata mbele na nyuma yake sizijui."

Safari hii viganja vilipokutana havikuachana. Bi Ytsje akatamka kuwa ameshuhudia.

Fedha ziliingia kwenye simu saa tano na nusu. Gerlof alishusha pumzi ndefu, akageuza uso upande wa mfereji, wenzake wasimwone macho, akalilipa deni lote la boti na kumtumia mshauri ushahidi kabla saa sita haijagonga.