Jasiri Hataki Kuvuka

Jumatatu, 12 Januari
Leo nimeanza rasmi kumfundisha Jasiri. Punda wa miaka miwili, masikio safi, macho ya msomi. Nilimchukua kwa Adan, mfanyabiashara wa mifugo kule Kambu, kwa majaribio ya wiki mbili. Imebaki moja. Shida yake ni ndogo: haendi mbele. Akiona kijito, anasimama. Akiona gogo, anasimama. Juzi aliogopa kivuli changu.

Chemchemi yetu iko ng'ambo ya kijito. Mke wangu Mumbua ametangaza msimamo: Jasiri asipovuka na mitungi minne kufikia Jumamosi, Adan atamchukua na mimi nitavaa mukwa. Ule mkanda wa kupitisha kwenye paji la uso, mtungi ukilala mgongoni, Kilungu nzima ikitazama. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili! Nimemwambia asubiri aone.

Jumanne, 13 Januari
Nimetazama video ya wakufunzi wa farasi, wale wanaorusha farasi juu ya magogo na mitaro. Mkufunzi anasema mnyama mchanga aanze na vitu vidogo, ajiamini, apende kwenda mbele. Pia atuzwe. Alipofika kueleza atuzwe wakati gani, bando ikaisha. Si neno. Mengine nitajaza kwa akili yangu.

Nimempigia Adan. Kasema nimweke Jasiri nyuma ya punda mzee anayejua njia, nami nifuate nyuma, kimya. Punda mzee wa karibu ni wa Mutisya, jirani ambaye tangu anunue tangi la maji salamu zake zimepungua. Nikamwambia Adan nitalifikiria. Sikulifikiria.

Jumatano, 14 Januari
Nimeamua kumwonyesha kwa mfano. Nilishika kamba nikaruka gogo mimi kwanza. Jasiri akatazama. Nikaruka tena. Mara ya tatu suruali ikapasuka, na Mutisya alikuwa anapita. Aliuliza kwa upole ni yupi kati yetu anayefundishwa.

Jioni nimepata siri: embe. Jasiri akisimama, nampa embe. Anatulia, ananitazama kwa upendo. Kujiamini kunajengeka.

Alhamisi, 15 Januari
Amesimama mara kumi na moja. Maembe kumi na moja. Alasiri alisimama barabarani, mahali pakavu pasipo na kitu. Nilitafuta alichokiogopa nikakikosa. Nikampa embe kwa huruma. Bila shaka macho yake yanaona mbali kuliko yangu.

Mumbua ameuliza kama sioni kwamba punda anasimama ili alishwe. Nimemkumbusha kuwa yeye hajatazama video.

Ijumaa, 16 Januari
Nimeujaribu mukwa nyuma ya jiko, kwa siri, na nusu mtungi. Hatua kumi, shingo ikakataa. Nimekaa chini nikaogopa kweli. Baba hakuwahi kuuvaa. Mama aliuvaa mpaka paji lake likabonyea, na sisi watoto tulidhani amezaliwa hivyo.

Jumamosi, 17 Januari
Adan amefika saa tatu. Mumbua alinipokonya kamba, akanipekua mifuko, akaniweka kwenye jiwe. Punda mzee, aliyeletwa na Mutisya kwa ombi la Mumbua, akatangulia, Jasiri akafuata na mitungi yake minne, Mumbua nyuma yao, kimya.

Ukingoni alisimama. Akageuka kunitafuta. Mimi sina kitu. Punda mzee akazidi kwenda. Jasiri akanusa maji, akaweka mguu mmoja, halafu wa pili, akavuka! Akarudi pia, mitungi imejaa. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikasema ni vumbi.

Mumbua amesema Jasiri atabaki, na mukwa ukae kwenye msumari, mradi nisimguse. Adan naye akanivuta kando. “Mzee, hii punda iko sawa kabisa. Ni wewe uache kuisumbua.”

Jumapili, 18 Januari
Ni wazi kwamba maembe yangu ndiyo yaliyofanya kazi. Yalichelewa tu. Na haikuwa haki Mutisya peke yake aone. Kwa hiyo Mumbua akiwa kanisani, nilimtoa Jasiri na mitungi mitupu, nikasubiri kijitoni hadi ibada iishe.

Waumini walipotokea wakirudi nyumbani, tukaingia majini. Alikwenda vizuri ajabu. Walisimama kutazama. Tulipofika katikati nikaona ni haki kumpongeza. Embe moja tu.

Akasimama. Akala. Hakuondoka. Nikampa la pili ili asogee. La tatu. La nne akalila akiwa amelala majini, na mitungi ikafunguka ikaelea kuelekea shambani kwa Mutisya. Kwaya nzima ilikuwa ukingoni.  Mumbua alikwenda nyumbani, akarudi na mukwa.

Nimebeba safari sita, kwa mitungi ya kuazima kwa Mutisya. Naandika haya nimeshika shingo. Paji linauma pale pale pa mama, na leo nimemkumbuka sana.

Nimefikiri kwa makini kosa lilikuwa wapi. Ni haya maembe ya kienyeji. Yana nyuzi nyingi, yanamchelewesha kutafuna. Kesho najaribu ngowe, yale yasiyo na nyuzi.