Matumbawe Yangu Yaliyogoma Kung'aa

Jumatatu, 9 Februari

Aibu! Aibu tupu! Jana jumuiya ya kanisa ilisali kwa jirani yetu Munyoki, na kusali hakuna aliyesali. Wote walikodolea macho tangi lake la kioo. Matumbawe ya zambarau, ya kijani, ya waridi, yamejipamba kama kwaya siku ya Pasaka. Mzee Nzuki, mwenyekiti wetu, alipotelewa na mstari katikati ya somo. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Maana mimi pia ninalo tangi. Liko sebuleni, pale lilipokuwa kabati la vyombo la mke wangu Mkamburi. Vipande vya matumbawe nilivinunua Pwani kwa mkulima mwenye kibali, vikiwa na rangi zote za kanga. Sasa vyote ni rangi ya maji ya kunde, na kukua vimekataa.

Jumapili ijayo ni zamu yetu. Mkamburi amesema wazi: wageni wakikuta bado ni mawe ya kahawia, tangi linatoka, kabati linarudi. Nikamwambia asubiri aone. Nina furaha ya ajabu. Mimi bila mpinzani huwa nasinzia tu.

Jumanne, 10 Februari

Nimegundua! Matumbawe huishi kwa mwanga. Yangu yana njaa! Nimeishusha ile taa kubwa ya getini na kuining'iniza juu ya tangi. Sebule inawaka kama uwanja wa mpira. Binti yetu Lynn anafanya kazi ya shule amevaa miwani ya jua. Mkamburi ameuliza getini sasa kuna nini. Giza, nikamjibu, na giza halina bili.

Alhamisi, 12 Februari

Asubuhi nilipiga kelele za shangwe. Ncha za matumbawe nyeupe pe! Nyeupe si rangi? Nikamwita Munyoki aje aumie roho.

Munyoki ni mwalimu wa hesabu, hana haraka na kitu. Akainama, akatia kidole majini, akanipa pole. Eti yanaungua. Eti Voi yenyewe ni tanuri, na mimi nimeongeza jiko. Akasema matumbawe hupenda mambo yasiyobadilika: joto lile lile, chumvi ile ile, kalsiamu kidogo kidogo kila siku, na mwenyewe asiyeshikashika. Yeye hupima maji, hutia matone, huenda zake.

Matone! Mwalimu mzima, uongo mwepesi hivyo! Lakini neno kalsiamu limemponyoka, na mimi nimelidaka. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini polepole nayo haitafika Jumapili. Taa nimeirudisha getini.

Ijumaa, 13 Februari

Shemeji yangu Stephen anafuga ng'ombe wa maziwa kule milimani Werugha. Ng'ombe wao akizaa akalegea, hupewa kalsiamu, akasimama kabla chai haijapoa. Sasa dawa inayosimamisha ng'ombe itashindwa na kijiwe? Nilimpigia Stephen nikamwambia nina mgonjwa. Akauliza anatoa maziwa kiasi gani. Nikasema amekauka kabisa. Akasikitika sana, akanitumia mfuko wa unga wa madini kwa gari la mboga.

Unga unanuka zizi. Stephen alisema kijiko. Nikatia kikombe, halafu kingine kwa heshima ya shemeji.

Mungu wangu! Maji yamekuwa uji! Uji mzito, ule wa kulisha mzazi. Samaki wangu wawili wametokomea humo. Lynn akaangua kilio. Mkamburi alichukua kamba akapima kabati. Akigomba najua pa kujificha, lakini kamba ile imenitia hofu ya kweli. Haya mawe nayapenda. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka langu la mapazia huwa nayaamkia moja moja, na jambo hili sijamwambia mtu.

Munyoki alikuja na ndoo za maji ya chumvi bila kuitwa. Tulibadilisha maji hadi samaki wakaonekana, wamenuna. Vipande vingi vimekufa, vichache bado vina uhai. Munyoki hakunicheka hata kidogo, na hilo limeniudhi kuliko yote.

Jumapili, 15 Februari

Ushindi! Ushindi wa namna yake!

Nilikuwa nimechungulia kwa Munyoki nikaona taa ya buluu juu ya tangi lake. Kumbe siri yote ni taa! Trevor, kijana anayepiga muziki harusini, akaniazima zake za zambarau. Tangi nikalifunika kwa pazia jeusi la dukani, na madirisha nikayaziba yote. Mzee Nzuki alipofunga Biblia, nikavuta pazia.

Wee! Vipande vilivyobaki viliwaka kijani kibichi! Watu wakasema Haleluya bila kuongozwa.

Kisha wakatazamana. Meno yanawaka! Shati la Mzee Nzuki linawaka! Kitambaa cha meza, alichofua Mkamburi kwa sabuni ya unga, kinawaka utadhani kimetoka mbinguni! Mama Wakio wa jumuiya alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kwaya ikaanza wimbo, na hapo ndipo nilipojua taa za Trevor hufuata sauti. Ubeti wa kwanza zilikonyeza tu. Ubeti wa pili, sebule ilikuwa ukumbi wa harusi. Mzee Nzuki alijaribu kuomba, lakini kila akitaja Bwana taa zinaruka. Akaacha. Akacheza! Na lile goti lake bovu!

Hata Munyoki alicheza, vibaya sana.

Wakati wa chai Mkamburi alisimama. Akasema mbele ya wote kwamba hajacheka hivi tangu harusi yetu, kwa hiyo tangi libaki, kwa sharti moja. Baba Lynn asiguse kitu mpaka Pasaka. Si maji, si taa, si kifuniko. Munyoki ndiye atakayetia matone. Nikaapa, jumuiya yote ikiwa shahidi. Munyoki akanipa kipande cha lile tumbawe lake la zambarau. Nililia, siwezi kuficha.

Jumanne, 17 Februari

Sijagusa. Naikalia mikono yangu. Mkamburi amekwenda sokoni anaimba.

Lakini joto la leo! Mbwa wa Munyoki amelala mtaroni. Nami nimewaza. Ikiwa matumbawe hayataki kuungua, yanafanya nini Voi? Werugha kuna ukungu. Werugha hata mchana watu wanavaa sweta. Nani amewahi kuungua Werugha?

Kiapo ni kiapo, kwa hiyo mimi sitagusa kitu. Watakaobeba ni Trevor na wenzake, na pikapu iko getini inanguruma. Tangi litakaa huko Werugha, sebuleni kwa mama mkwe, pale penye televisheni yake. Yeye bado hajui. Nitampigia tukiwa njiani, tukishapita Mwatate, asipate nafasi ya kukataa.