Mvinyo Uliosimama Juu ya Friji

Mtu anayepanga chupa za mvinyo mzuri juu ya friji, lebo zikiwatazama wageni, ana moja kati ya mambo mawili: ama hajui alichonacho, ama anajua bei yake na hajui kingine chochote. Balozi aliwapenda watu wa aina zote mbili, lakini hao wa pili aliwapenda zaidi, kwa kuwa hushukuru wakati wanaibiwa.

Ubalozi wake haukutoka serikalini. Ulitoka kwenye koti lake la kijivu, kwenye sauti ya chini isiyo na haraka, na kwenye tabia yake ya kuinamisha kichwa kila mtu aliposema upuuzi, kana kwamba anauhifadhi ili auripoti nchini kwao. Siku hiyo alikuwa ameingia kwa mkandarasi mmoja akijifanya mteja anayetaka kujengewa ghorofa. Walikaa jikoni kwa sababu sebule ilikuwa inapakwa rangi, na katikati ya mazungumzo ya nondo na kokoto, macho ya Balozi yalipanda juu ya friji yakakataa kushuka.

Chupa zilisimama wima kama askari wa gwaride. Nyuma yao kulikuwa na dirisha lililopokea jua la mchana kutwa, na chini yao friji ilitetemeka na kupumua joto. Balozi alizisoma lebo bila kusogea kitini. Mbili kati yake alikuwa hajaziona tangu aanze kazi hii.

"Samahani," akasema, akaweka kalamu mezani. "Nani mgonjwa humu ndani?"

"Mgonjwa?" Mkandarasi akashtuka. "Hatuna mgonjwa."

"Mnao. Wako juu ya friji."

Mkandarasi alikuwa mtu mnene, mkarimu, aliyeamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa saruji. Mvinyo huo alizawadiwa na mteja mmoja aliyekuwa akihama nchi. Yeye mwenyewe hakunywa, vidonda vya tumbo vilimkataza, lakini mtaa mzima ulijua kwamba chupa zile zinamsubiri mkwe. Na mkwe alikuwa amepatikana: binti yake alichumbiwa na mtoto wa jaji, na jaji, ambaye ilisemekana hunusa glasi kabla ya kusalimia watu, angekuja Jumapili kula chakula cha mchana.

"Ndugu yangu," Balozi akasema, akasimama kama mtu aliyeingia wodini, "mvinyo una maadui wanne. Joto, mwanga, mtikisiko na ukavu. Wewe umewaalika wote, ukawapa kiti. Mvinyo unataka nyuzi kumi na tatu hivi, usiku na mchana, bila kupanda na kushuka. Unataka giza. Unataka utulivu. Na chupa ilale, bwana, ilale! Ikilala, mvinyo unagusa kizibo na kizibo kinabaki kimelowana, kimevimba, kimeziba. Ikisimama, kizibo kinakauka na kusinyaa, hewa inaingia, na Jumapili utampa mheshimiwa jaji siki."

Hapa inabidi tumtendee haki. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Tapeli wa daraja la chini hudanganya tangu salamu. Balozi alichimba msingi wa ukweli mtupu, akaupima kwa timazi, kisha juu yake akajenga uongo mmoja tu, mdogo, wenye mlango wa nyuma.

"Na ukitunzwa?" mkandarasi akauliza, akimeza mate.

"Ukitunzwa? Ile ya kona, ile yenye nembo ya mnara, ni bei ya paa la nyumba."

Mkandarasi akaitazama ile ya kona. Kisha akalitazama paa lake.

"Unatibika?"

"Nina chumba chini ya ardhi kwa kazi hiyo. Nikiuchukua leo, Jumapili asubuhi nakurudishia umepona."

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Jumapili mkandarasi angerudishiwa chupa zenye lebo zilezile zilizochapishwa upya, ndani mna mvinyo wa dukani, na zile za kweli zingekuwa zimeshalala hotelini kwa mnunuzi. Jaji angekunja uso kidogo. Mkandarasi angelaumu friji.

Wakati huo mke wa mkandarasi aliingia na sinia la chai. Mtaani wote walimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha kemia mpaka alipostaafu, na hata sasa alikuwa akimimina chai jicho likiwa usawa wa kikombe. Alikuwa amesikia yote kutoka koridoni, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio kwa sababu ambayo mumewe hakuijua.

Mvinyo haukuwepo.

Aliumaliza yeye. Hakuumaliza kwa pupa, la, bali glasi moja moja, kwa miaka, jioni ambazo mumewe alikuwa akichelewa kwenye majengo yake. Chupa ya kwanza aliifungua kwa udadisi wa kisayansi, na sayansi, kama ijulikanavyo, hairidhiki na jaribio moja. Alikizungusha kifuniko cha bati laini kinachofunika kizibo, taratibu, mpaka kikatoka bila kuchanika. Alikichomoa kizibo kwa kizibuo cha meno mawili kisichotoboa. Kisha akajaza chai ya rangi, juisi ya zabibu, tone la siki, na chembe ya dawa ya kuzuia uchachu, akapima rangi dhidi ya taa mpaka ikafanana. Kazi hiyo ilikuwa na kasoro moja tu, na aliijua vizuri kuliko mtu yeyote: kizibo kilichotolewa kikarudishwa si kizibo tena, ni kofia. Kofia haimdondoki mtu aliyesimama; akilala, inamtoka. Ndiyo maana kwa miaka yote hiyo Mwalimu alikuwa mkali kwamba chupa zisimame, "kama watu wenye adabu."

Na Jumapili jaji angefungua moja.

"Hebu nikuonyeshe, shemeji," Balozi akasema, akinyoosha mkono juu ya friji. "Chupa ikilazwa hivi..."

"Usiiguse!"

Wanaume wote wawili wakageuka. Mwalimu aliweka sinia chini bila kijiko kulia.

"Umesema mwenyewe mtikisiko ni adui," akasema kwa upole. "Mgonjwa mahututi unamgeuzageuza?"

Balozi akainamisha kichwa. "Shemeji anasikiliza. Wengi hawasikilizi."

"Basi nisaidie na jambo moja, shemeji. Koridoni kwetu kuna kabati. Halina dirisha, ukuta wake ni wa mawe, na hata msimu wa joto kali shuka tunazitoa humo zikiwa za baridi. Kwa nini tusizilaze humo tu?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake sahihi lilikuwa: zilazeni humo. Balozi alijua hivyo. Kwa mara ya kwanza mchana ule, sauti yake ilichelewa.

"Kabati ni zuri kwa mvinyo mzima, shemeji. Huu umeshaumwa. Unahitaji mtaalamu."

Moyo wa Mwalimu ukatulia. Daktari anayeikataa dawa iliyomo nyumbani kwako, anataka kitu kingine kilichomo nyumbani kwako. Huyu alikuwa mwizi! Alikuwa mwizi kamili, msomi, mwenye koti safi, na amekuja siku hasa aliyohitajika. Mwalimu hakuwa mtu wa kuomba dua kwa sauti, lakini alishukuru.

"Baba," akamwambia mumewe, "mpe achukue."

"Ndivyo ninavyosema!"

"Ila pale juu pakibaki patupu, majirani watauliza kama tumeuza. Shemeji atuachie kitu cha kupaziba mpaka Jumapili."

Balozi akatabasamu. Kwenye gari lake alikuwa na kabati la baridi lenye mlango wa kioo, na ndani yake zimelala chupa sita alizozipata kwa daktari mmoja wa meno. Lilikuwa chambo chake: alilionyesha kwa watu ili waone mvinyo unaishi vipi kifalme. Chupa zile sita hakuwahi kuziuza. Alishapewa bei nzuri akakataa. Alisema moyoni kwamba siku atakapoacha kazi hii, atakaa mahali penye kivuli azinywe moja baada ya nyingine, na mpaka siku hiyo hangeonja hata tone. Kila mtu ana upumbavu wake anaouweka kwenye baridi.

Akapiga hesabu. Jumapili atakuja na chupa za bandia, atalibeba kabati lake, ataaga. Kwa siku hizo chache, chambo kingekaa mahali salama kuliko garini.

"Kwa ajili yako, shemeji, nitaacha kabati langu."

"Na ufunguo," Mwalimu akasema. "Umeme ukikatika tufanyeje?"

Akatoa na ufunguo. Chupa za juu ya friji zikashushwa na Mwalimu mwenyewe, moja moja, zimesimama, zikapangwa kwenye sanduku zikiwa zimesimama, na akamsindikiza Balozi hadi garini akimsihi aendeshe taratibu. Balozi alikuwa hajaona mwathirika mwenye ushirikiano kama yule. Alipokata kona alicheka peke yake. Alikuwa amenunua mbuzi kwenye gunia, na hakujua kwamba gunia lenyewe lilikuwa linachuruzika.

Mwenye hoteli aliyekuwa akimnunulia mzigo alikuwa mtu mkavu mwenye desturi moja asiyoivunja kwa yeyote. Chupa zikifika, hulazwa kwenye rafu juu ya kitambaa cheupe, na hakuna anayelipwa mpaka zilale usiku kucha. Kitambaa kikiamka cheupe, pesa zinatoka.

"Unanipima mimi?" Balozi akasema alipozifikisha Jumamosi jioni. "Baada ya miaka yote?"

"Sikupimi wewe. Napima vizibo."

Asubuhi ya Jumapili Balozi alishuka ngazi za stoo akipiga mluzi. Mluzi uliishia kwenye ngazi ya mwisho. Kitambaa kilikuwa kimekuwa cha kahawia kutoka pembe hadi pembe, na chupa zote zilikuwa nusu. Mwenye hoteli alikuwa amechovya kidole na bado anakilamba, akifikiri.

"Majani ya chai," akasema. "Sukari hukutia. Umefanya vizuri, mimi nina kisukari."

"Haiwezekani. Nimeona mihuri mwenyewe!"

"Mihuri umeiona. Je, ulizilaza?"

Balozi alikuwa amewahubiria nusu ya watu wa mji walaze chupa. Hizi hazikuwa zimelala hata dakika moja mbele ya macho yake, na aliyemzuia alikuwa amemzuia kwa maneno yake mwenyewe. Akaliona sinia, akaisikia ile "usiiguse," akakumbuka ufunguo. Ndipo alipozikumbuka chupa zake sita, na miguu ikampeleka garini kabla akili haijamaliza kazi yake.

Alifika kwa mkandarasi na lile sanduku la chai begani, kwani waliompa chai hakuona sababu ya kuwarudishia hata mvinyo wa dukani, akikusudia kubadilishana haraka na kuondoka kabla ya mgeni. Mwalimu alimpokea mlangoni, amevaa nguo ya kutokea.

"Umezilaza, shemeji?"

"Nimezilaza, shemeji." Akasogea karibu. "Ndani kuna chai."

"Chai!" Mwalimu akaweka mkono kifuani. "Sisi tulikupa mvinyo. Umekaa nao, unaturudishia chai? Unafikiri mume wangu atasemaje? Na jaji atasemaje? Maana ameshafika. Amewahi."

Balozi akalishusha sanduku begani. Katika maisha yake yote ya kubadilisha chupa za watu, hakuwahi kufikiri jinsi mtu anavyoonekana akirudisha chupa zilezile alizopewa. Anaonekana mwizi. Kwa ukweli ule hapakuwa na hakimu wa kumwamini, seuze aliyekuwa sebuleni.

"Nataka kabati langu tu," akanong'ona.

"Halijamaliza kazi."

"Balozi!" Sauti ya mkandarasi ikavuma kutoka ndani. "Mwache aingie, mama! Mheshimiwa, huyu ndiye mtaalamu niliyekuambia!"

Akavutwa sebuleni kwa mkono mzito wa shukrani. Sanduku Mwalimu alilipokea akalisukuma uvunguni mwa kochi kwa mguu. Kwenye meza palikuwa na chupa tatu zilizofunguliwa, na Balozi alizitambua kama mtu anavyotambua watoto wake barabarani. Jaji, mzee mwembamba mwenye miwani, alikuwa ameingiza pua yote kwenye glasi, macho amefumba.

"Kijana," akasema bila kufumbua, "nimekunywa mvinyo huu mara mbili maishani. Haujawahi kutunzwa hivi. Umelala vizuri, baridi haijacheza. Ni kazi yako?"

"Ni... ndiyo, mheshimiwa."

"Mpeni glasi."

Mwalimu akammiminia, jicho usawa wa glasi, kipimo sawasawa na cha wengine. Balozi akanywa. Ulikuwa mtamu kupita alivyouwazia kwa miaka yote ile, na alipofika katikati ya glasi alijikuta anahesabu midomo mezani na chupa tatu zilizobaki.

"Mama, zile chupa zetu za zamani zimepona kweli," akasema mkandarasi, aliyeambiwa na mkewe kwamba mtaalamu alizirudisha alfajiri, akimpigapiga begani kwa fahari. "Hata lebo zimekuwa mpya!"

"Sayansi, baba," Mwalimu akajibu.

Jaji akaweka glasi chini. "Sasa nisikilize, bwana mtaalamu. Na mimi nina chupa zangu nyumbani. Nyingi, za marehemu baba. Zimesimama jikoni, juu ya kabati, karibu na jiko. Nadhani zinaumwa. Ungependa kuja kuzichukua?"

Ilikuwa nafasi ambayo tapeli huipata mara moja katika maisha, na wengine hawaipati kabisa. Balozi akamtazama jaji. Kisha akamtazama Mwalimu, ambaye alikuwa akimtazama yeye kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri mwanafunzi mzito atoe jibu alilofundishwa.

Akainamisha kichwa.

"Mheshimiwa," akasema, "kwenu kuna korido?"

"Ipo."

"Ina kabati?"

"Lina shuka."

"Toeni shuka. Zilazeni humo tu."