Kisanduku Chepesi Hakina Shaba

Jumatatu, 8 Julai 2019
Shimo limeporomoka mgodini, na wanajeshi wamewatoa wachimbaji wote. Mtaa wetu wa Musonoi umejaa vijana wanaokaa tu barazani. Inasikitisha, kweli. Ila ni wateja pia! Nafungua ukumbi wa michezo ya televisheni katika chumba chetu cha mbele. Jirani yangu Tharcisse amekubali tubadilishane: yeye kachukua televisheni yangu ya kale yenye mgongo, mimi nimepata yake bapa. Maskini, hajui biashara. Mke wangu Henriette anakitaka chumba hicho kwa ajili ya kaka yake Ngeleka, mchimbaji aliyefukuzwa mgodini na hata kwenye kibanda chake, pamoja na watoto wake watano. Amenipa mimi, baba wa Falonne wake, muda hadi Jumapili, la sivyo atavitoa vitu vyangu: "Tata Falonne, mpaka dimanche. Picha ikikosa, minatosha bitu byako byote."

Jumanne, 9 Julai
Tatizo dogo. Mashine yangu ya Play 2 ina pini tatu: njano, nyeupe, nyekundu. Televisheni bapa ina tundu la HDMI tu. Nimekwenda Dilala kwa Asani, muuza vifaa. Akatoa visanduku viwili vya kuunganishia, akasema nichukue chepesi. Kile kizito, alisema, hufanya kinyume, ni cha mashine mpya na televisheni za kale. Mimi nimenunua madini miaka tisa nikiyapima mkononi. Anifundishe uzito? Nimechukua kizito. Hakuna picha.

Alhamisi, 11 Julai
Kosa ni la kebo. Nimenunua nyingine, nene kama kidole gumba. Nimeimenya katikati kwa kisu kuhakikisha. Shaba safi, nyekundu! Picha bado. Asani kauliza kwa nini nimeikata. Nikamwambia hatununui gunia la madini bila kulifungua. Akageuka kuhudumia mteja mwingine.

Ijumaa, 12 Julai
Tharcisse naye ana Play 2. Kumbe. Ameiunganisha na televisheni yangu ya mgongo, njano kwenye njano, na baraza lake limejaa. Nimepita pale mara tatu bila kutazama.

Jumapili, 14 Julai
Ngeleka amefika asubuhi na magodoro na watoto. Vitu vyangu vimewekwa kwenye kona. Tharcisse amekuja kuwapa pole, akaona televisheni haina picha, akaenda kwake kuleta kisanduku chepesi alichokuwa akikitumia na televisheni hii. Dakika moja, picha ikatokea. Watoto ambao hawakuwa wamecheka tangu wafukuzwe walicheka mpaka wakaanguka magodoroni. Nilifurahi, nakiri. Henriette kasema waicheze watakavyo, ila chumba ni chao na habari ya ukumbi imekwisha.

Walipoitwa kula, nikakipima kile kisanduku mkononi. Hakina uzito wowote. Nikakipasua kidogo, nione tu shaba iliyomo. Haijazi hata ukucha, kama nilivyodhani. Watoto wamerudi, wanauliza picha imekwenda wapi. Nimewaambia Tharcisse alituletea kitu hafifu. Kesho mimi, mume wa shangazi yao, nitawanunulia kizito.