Wadudu wa Mayunga

"Kama hao wadudu wako wanashusha presha," Bhoke alisema, "mbona yangu imepanda tangu ukanyage uani kwangu?"

Mayunga hakutikisika. Mtu aliyewahi kuwauzia wachimbaji wa Nyamongo kokoto kwa jina la dhahabu hababaishwi na mama mmoja. Alimgeukia mume, mzee Mseti, akaendelea kumwaga sera. Tumboni mwa binadamu, alieleza, wamo bakteria wasiohesabika. Wakilishwa vizuri wanagusa homoni, na homoni ndizo zinazoiambia mishipa ilegee au ibane. Hayo aliyasikia redioni, na yalikuwa na ukweli wake. Yaliyofuata aliyatunga mwenyewe: kwamba chupa zake za dawa anazouza zinafuta presha kabisa, kwa hiyo vidonge vya hospitali ni vya kutupa.

Mseti, aliyevichukia vidonge kuliko ushuru wa mnada, alikwishasimama kuvitosa chooni. Akamwomba mkewe ufunguo. Choo kilifungwa kwa kufuli kwa sababu ya wapita njia.

Bhoke hakuutoa. Ghafla akawa mpole.

"Sawa, mwanangu. Ila kwetu anayempa mtu kinywaji hutangulia kunywa, asidhaniwe ana sumu."

Hapo Mayunga, Msukuma wa watu, alinaswa. Chupani mlikuwa na maziwa mgando na mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha, ili mteja asikie tumbo likinguruma aamini wadudu wako kazini. Akaonja kidogo. Bhoke akasema kuonja kwa woga ndiko kwa wachawi. Basi akaimaliza chupa, huku akiisifu.

Kisha akakaribishwa ugali, na ugali wa mwenye mji haukataliwi. Bhoke akamuuliza habari za wazazi, za ng'ombe, za mvua ya kwao, moja moja, bila haraka. Jua likahama. Jasho likamtoka mgeni.

"Shikamoo mama," akasema, ingawa walisalimiana tangu asubuhi. "Naomba huo ufunguo."

"Marahaba. Mzee ameze vidonge, au aache?"

Mayunga akaifikiria biashara yake. Tumbo halikumpa nafasi.

"Ameze."

"Mwambie mwenyewe."

"Mzee, meza. Huu ni mgando na mbarika tu. Meza kila siku, nakuomba."

Mseti akamtazama mtaalamu wake aliyejikunja kama kambare kikaangoni. Akachomoa kidonge mfukoni, akakitia mdomoni, akapiga funda la maji.

Bhoke akangoja mpaka koo la mumewe lipande na kushuka. Ndipo akautoa ufunguo.