Kumlea Mtani Kazini

Jumatatu, 4 Mei
Habari kubwa! Bi Mwanajuma, mwenye mgahawa wetu hapa Kibiti, karudi kutoka Dar kwenye semina ya uongozi. Katuita wasimamizi wote wawili, mimi wa ukumbini na Saadi wa jikoni. Kasema kiongozi bora huwaendeleza walio chini yake. Kila mmoja achague mfanyakazi, amfundishe. Atakayelea vizuri atakabidhiwa tawi jipya la Ndundu, karibu na daraja. Tawi hilo ni langu! Nimemwambia mke wangu aanze kuniita meneja. Kacheka mpaka akakaa chini.

Saadi kamchagua Hafsa, binti mwerevu kuliko wote. Mjinga yule! Mwerevu atapanda mpaka wapi tena? Mimi nimemchukua Ashura, mhudumu anayechelewa kila siku. Tena yeye Mmatumbi, mimi Mdengereko, watani kabisa. Hata nikimtumikisha kama punda, hawezi kunishitaki.

Jumanne, 5 Mei
Somo la kwanza. Nimemfundisha siri ya uongozi: kiongozi hashiki kitu, anaelekeza tu. Kauliza kama ndiyo maana nina kitambi. Utani huo, nikavumilia.

Kisha nikampa mkakati. Kesho avurunde makusudi, Bi Mwanajuma aone. Keshokutwa abadilike, sifa zinijie mimi. Kakubali haraka mno.

Jumatano, 6 Mei
Kavurunda! Basi la Mtwara limesimama, abiria wana njaa, dereva anapiga honi. Ashura kawapelekea chai isiyo na majani wala sukari. Maji ya moto matupu! Watu wakafoka. Bi Mwanajuma akauliza nani kamfundisha hivyo. Ashura kainamisha kichwa kwa adabu, kasema ni mwalimu wake, Kaka Bushiri, na kwamba Wadengereko chai ndivyo wanavyoinywa. Ukumbi mzima kicheko. Nikapandwa na hasira, nikamwita mpumbavu mbele za watu.

Balaa! Mtani hakasirikiwi. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa wakanihukumu papo hapo: faini ya kuku. Nimemtoa jogoo wangu mwekundu. Saadi kamchinja huku anapiga mluzi, wakamla wote. Mimi nikapewa shingo.

Alhamisi, 7 Mei
Ashura kabadilika, kama tulivyopanga. Kabadilika mno! Kawahi kabla yangu. Basi likisimama, kwanza anamuuliza dereva anaondoka saa ngapi, ndipo anawaambia abiria chakula gani kitawahi. Kampangia Hafsa meza za nje. Hata Saadi anamtii. Bi Mwanajuma anamtazama na kutabasamu.

Nikamnong'oneza apunguze kidogo, asije akanizidi. Kanijibu kwa sauti kwamba kiongozi haelekezwi, anaelekeza, na kuna sahani zinanisubiri. Bi Mwanajuma alikuwa palepale. Ningekataa ningeonekana nimenuna tena, na kuku mwingine sina. Nikaosha. Nakiri, roho iliniuma. Ukumbi huu nimeusimamia tangu ulipokuwa wa makuti.

Jumamosi, 9 Mei
Siku ya uamuzi. Nimevaa shati la Idi.

Bi Mwanajuma kasema tangu aanze biashara hajaona mfanyakazi aliyeendelea haraka kama Ashura. Kwa hiyo Ndundu anapewa Ashura. Ashura! Nikasimama, nikamkumbusha kwamba ahadi ilikuwa kwa mlezi. Kakubali kuwa ni kweli, akamuuliza Ashura nani kamlea. Ashura kasema ni Kaka Bushiri, kila kitu kafundishwa na Kaka Bushiri. Nikaanza kutabasamu. Ashura akaendelea kwamba mtu mwenye kipaji hicho ni hasara kumpeleka Ndundu. Abaki hapahapa, awalee wengine. Makofi yakapigwa. Hata mimi nilipiga, kabla sijaelewa.

Jumapili, 10 Mei
Nimelia kidogo, nimeoga, nimepata akili mpya. Kosa langu lilikuwa moja tu: kumchagua mtani wa kabila. Nasikia Bi Mwanajuma anataka kufungua tawi lingine Ikwiriri. Na nafasi ya Ashura iko wazi, nimeambiwa niijaze mwenyewe.

Safari hii namchukua shemeji yangu Subira, mdogo wake mke wangu. Msichana mpole, ananiheshimu sana. Juzi nilimpa suruali yangu anishonee mfuko uliotoboka. Kashona na miguu yote miwili, haipitishi hata kidole. Nadhani taa ilikuwa hafifu.